Magunia Sitini ya Dibor

Wasomaji wangu, wiki iliyopita niliwaacha pabaya, na wapo walionitumia ujumbe wa kunilaani mimi na kizazi changu. Nimeusoma wote. Mmoja ameapa kwamba nikimficha mwizi wiki ya pili ataacha kununua gazeti. Ndugu yangu, tulia. Mwizi tutamkamata leo hii, na ukishamwona utatamani tusingemkamata.

Basi Dibor Faye alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, huko nyuma ya mtaa wetu wa Keur Ndiobo, Alhamisi saa mbili asubuhi, mikono kiunoni na mdomo wazi.

Shimo lilikuwepo. Udongo wa mfinyanzi walioushindilia chini yake ulikuwepo. Plastiki nene waliyoitandika juu ya mfinyanzi ilikuwepo, imenyooshwa bila kunyanzi. Magunia sitini yaliyowekwa pembeni yangoje kuzikwa hayakuwepo hata moja.

"Labda tumekosea shimo," alisema Rokhaya, yule mpima udongo, aliyekuwa kando yake.

Dibor akamgeukia taratibu. "Binti yangu, Keur Ndiobo ina mashimo mangapi yaliyotandikwa plastiki?"

"Moja."

"Basi usiniongezee wazimu, nilio nao unanitosha."

Wewe uliyeanza kusoma leo kwa sababu umekuta gazeti limefungia maandazi, sogea nikueleze upesi. Kwa miaka mingi mtaani kwetu tulikuwa tunapasua betri chakavu za magari uani, tunayeyusha madini ya risasi kwenye masufuria, tunauza. Wanaume walipasua. Wanawake walichekecha mchanga kutafuta vipande vilivyodondoka. Dibor alichekecha kuliko wote, bintiye Selbé akiwa mgongoni, na sisi majirani tulimsifu kwa bidii yake.

Vumbi la risasi halinuki wala haliwashi. Linakaa mchangani, linapanda vidoleni, linaingia mdomoni. Selbé alipotimiza miaka mitatu akaanza kuanguka degedege, na walipopima damu yake daktari aliuliza mara mbili mtoto huyu anacheza wapi. Akatibiwa, akapata nafuu. Lakini daktari akakataza asirudi nyumbani mpaka ardhi anayochezea ipimwe na ionekane salama. Tangu hapo, miezi minne sasa, Selbé anaishi Rufisque kwa Siga, mdogo wake Dibor.

Kila Jumapili Dibor hupanda gari kwenda kumwona. Kila Jumapili jioni mtoto humng'ang'ania gauni, na Siga huvibandua vile vidole kimoja kimoja. Nimeliandika hilo haraka kwa sababu linaniuma.

Kampuni moja ilikuja, ikataja bei ya kusafisha ambayo ungeweza kununua mtaa mzima pamoja na mbuzi wake. Tukaiaga kwa heshima. Ndipo akaja Rokhaya Mbengue, binti wa mjini mwenye miwani na mashine ya kupimia udongo, kitu cha mkononi kinachofanana na ile ya kukaushia nywele saluni. Hakutaka matrekta. Alitaka majembe, magunia ya mchele, shimo, mchanga safi wa kufunikia na matambara mabichi ya kufutia kuta. Wanawake wakakwangua nyua zao shubiri moja kwenda chini, wiki tatu mfululizo, huku wakiimba na kusengenya. Matumizi makubwa kuliko yote yalikuwa sukari ya chai.

Ua wa Dibor ulikuwa mchafu kuliko zote, kwa hiyo uliachwa wa mwisho. Magunia yale sitini ndiyo ua huo. Na kesho, Ijumaa, Selbé alikuwa arudi nyumbani.

Mpo pamoja nami? Haya, twende.

"Sitasaini karatasi ya daktari," alisema Rokhaya.

"Kwani mimi ndiye niliyeiba?"

"Sijasema umeiba, mama. Lakini udongo hauyeyuki. Kama haumo shimoni, uko mahali, na mahali popote mtaani kwenu pana watoto."

"Nani aibe uchafu? Hata wezi wetu wana akili."

"Asiyejua kwamba ni uchafu." Rokhaya akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati. "Uliyapaka ile alama nyekundu niliyokuachia rangi yake?"

Dibor akatazama pembeni. Akakohoa kidogo. Mnamjua Dibor, akikohoa hivyo ujue anatafuta njia ya kutokea.

"Niliyashona," alisema.

"Sikuuliza kushona. Niliuliza rangi."

"Niliyashona vizuri sana. Uzi wa buluu, mshono wa kurudia, pembe nimezikunja ndani. Magunia yenyewe niliyafua kwanza."

"Ulifua magunia ya kutia sumu?"

"Kwangu halitoki gunia linalovuja, binti yangu. Na ile rangi yako ingechuruzika kwenye uzi."

Rokhaya alivaa miwani yake tena. Mtu aliyesoma vyuo vitatu anaweza kushindwa na mwanamke mmoja mwenye sindano ya magunia.

Dibor naye, ili kukwepa yale macho, akainama kutazama ardhi. Hapo ndipo alipoona. Matairi ya mkokoteni. Tairi moja limekwenda sawa, la pili limeyumba kushoto, kulia, kushoto, mpaka barabarani.

"Hamadi," alisema. "Mtwana wangu Hamadi!"

Alishaanza kutembea kabla hajalimaliza jina.

Hamadi Sy ndiye mwenye mkokoteni wa farasi, na gurudumu lake la kushoto limelegea tangu harusi ya kwanza ya Dibor. Alikuwa kwao Futa kwa mazishi ya mjomba, wiki tatu nzima, amerudi Jumanne jioni. Jambo la kukwangua nyua alilisikia juujuu tu, kama unavyosikia habari za mtaa wa pili.

Tena Hamadi ni Mtukulori na Dibor ni Mserere. Hao ni watani. Msomaji uliyekulia kwenye utani huhitaji mimi nikueleze kitakachotokea hapa.

Walimkuta kivulini karibu na farasi wake, birika juu ya makaa, anamimina chai kutoka gilasi hadi gilasi ipate povu.

"Simama!" Dibor alipiga kelele tangu mbali. "Bibi yako amefika, mtwana wewe, na umekaa?"

Hamadi hakuinua kichwa. Alimsemesha farasi. "Waziri, umesikia mlio? Kuna Mserere amekata kamba mahali."

"Magunia yangu yako wapi?"

"Magunia gani?"

"Sitini."

"Sitini!" Sasa Hamadi aliinua macho, akamtazama Rokhaya kwa mshangao. "Dada, wewe ndiye uliyemfundisha? Waserere wa zamani walikuwa wanaishia kumi, baada ya hapo wanavua viatu."

"Hamadi, sina muda."

"Mtumwa tangu lini akawa na muda? Kaa, nitakupa gilasi ya tatu, ile tamu. Ya kwanza ni ya watu."

Dibor alikaa. Lakini hakukaa kwenye mkeka. Alipanda akakaa juu ya mkokoteni, akanyoosha mkono, akamvua Hamadi kofia yake nyeupe iliyotariziwa na kuivaa kichwani mwake, juu ya kilemba.

Hamadi akashika kipara. Kofia ya mtani ikichukuliwa huwezi kugomba, ukigomba umeshindwa na mtaa mzima utakuimba. Unaikomboa tu.

"Neno moja," alisema Dibor. "Wapi?"

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Nimeapa."

"Umemwapia nani?"

"Nikikutajia nani, si nimekwishavunja nusu ya kiapo?" Hamadi alikuwa ameanza kuona haya, na haya ya Hamadi ni kitu adimu, hata farasi aligeuka kutazama. "Niliyachukua kwa heri, Dibor. Si wizi. Wallahi si wizi. Ni jambo zuri. Ungelijua ungenirudishia kofia na kunibusu mkono."

Rokhaya alimwona amenyoosha kidole kukoroga sukari, akaruka. "Usile kitu! Ulishika yale magunia? Ulinawa?"

"Nilinawa kwa swala."

"Nawa tena kwa sabuni. Mpaka kwenye viwiko. Na hizo nguo usiingie nazo ndani kwako."

Hamadi akacheka, kisha akaona Dibor hacheki. "Kuna nini kwenye magunia?"

"Ua wangu," alisema Dibor. "Ule mchanga wa betri. Ule uliomwangusha Selbé."

Gilasi ilibaki mkononi mwa Hamadi, chai inamwagika taratibu kwenye kandambili. Yeye ndiye aliyembeba Selbé kwa huu huu mkokoteni siku ile ya degedege ya kwanza, farasi akikimbia mpaka povu likamtoka mdomoni. Alinawa mikono mara mbili bila kuambiwa tena.

"Haya, sema," alisema Dibor.

"Nimeapa kwa Mungu, Dibor. Kwa mkono juu ya kichwa cha mama yangu." Aliwaza kidogo. Kisha uso ukamtulia. "Lakini mimi ndiye niliyeapa. Waziri hajaapa."

"Nini?"

"Pandeni."

Akamfunga farasi, akapanda, akaziachia hatamu zikalala mgongoni mwa mnyama. Hakumpiga wala hakumwita. Akakunja mikono kifuani na kutazama juu kama abiria.

Waziri alingoja kidogo. Alipoona hakuna anayemwongoza, akafanya anachofanya kila farasi mwenye kumbukumbu ya tumbo: akaondoka kwenda mahali alipokula vizuri mara ya mwisho.

Nawaambieni Keur Ndiobo ilitoka nje kutazama. Mkokoteni unayumba, Hamadi kipara kinang'aa juani, Rokhaya amekumbatia mashine yake, na Dibor kaketi juu kabisa amevaa kofia ya Mtukulori.

"Dibor!" fundi cherehani alipaza sauti. "Mmeoana?"

"Nimemnunua!" alijibu Dibor. "Na farasi nimeongezewa!"

Alitania kwa mazoea tu. Moyoni alikuwa anahesabu nyumba zenye watoto. Pale kwa muuza mkate, watoto wanne. Farasi akapita. Pale penye bomba, mapacha wa Yandé. Farasi akapita. Pale kwenye uwanja wa mpira, na akashika pumzi, maana uwanja ule kila mwaka watu huumwagia kifusi kabla ya mvua. Farasi akapita hapo pia.

Kisha akakata kushoto, kichochoro cha mkuyu, akaharakisha mwendo, akasimama mbele ya lango la bati lililopakwa kijani. Akapitisha kichwa juu ya lango na kulia kwa furaha.

Dibor hakushuka.

"Hapa ni kwa mama mkwe wangu," alisema.

"Basi Waziri amekosea," alisema Hamadi, na hakumtazama usoni.

Bi Mbissine alifungua lango mwenyewe. Ni mwanamke mdogo kwa umbo, mguu mmoja mbovu, kiko hakimtoki mdomoni, na ulimi wake umewahi kumkimbiza diwani mpaka akasahau kiatu. Mkononi alikuwa na sahani ya pumba, akampa farasi kwanza. Halafu akamwona mkwewe.

"Karibu, mkwe wangu. Naona umevaa kofia ya mwanaume. Mwanangu akirudi na lori lake kutoka Tambacounda, nimwambie nini?"

"Mama, za asubuhi. Samahani kwa kuja hivi. Magunia..."

"Hamadi!" Bi Mbissine alitoa kiko. "Uliapa!"

"Sijasema, mama. Muulize yeye. Ni huyu mnyama."

"Nimempa pumba za bure mnafiki huyu." Akampokonya farasi sahani. Kisha akamtazama Dibor, na ghafla uso mzima ukafunguka kwa kicheko, meno manne yote. "Haya, basi. Siri imekwisha. Fumba macho."

"Mama..."

"Nimesema fumba. Nimesubiri miezi minne kukuona unafumba macho."

Alimshika mkono akamvuta. Rokhaya akafuata. Walivuka ua, ua safi ambao haujawahi kupasuliwa betri hata moja, wakafika kwenye kile chumba cha nyuma ambacho mwaka jana mvua zilikijaza mpaka magodoro yakaelea.

"Fumbua."

Chumba kilikuwa kimepakwa chokaa upya. Dirishani pazia la maua. Kitanda kidogo cha chuma kilichokuwa cha baba yake Selbé alipokuwa mtoto, mto umetariziwa jina la mtoto kwa nyuzi nyekundu, herufi moja imepinda. Na sakafu ilikuwa imeinuka zaidi ya shubiri mbili, mchanga umesawazishwa, umenyunyiziwa maji, umefagiwa kwa mistari.

"Mwaka jana maji yalifika gotini," alisema Bi Mbissine. "Mwaka huu mjukuu wangu atalala pakavu. Najua unataka alale kwako. Mjukuu hulala kwa bibi yake, hilo tutabishana kesho. Mchanga bado laini, lakini ukishakanyagwa siku mbili tatu utashika."

Dibor aliukodolea macho ule mchanga. Aliujua. Mchanga uliouchekecha miaka sita huwezi kuisahau rangi yake.

Rokhaya alipiga magoti mlangoni bila kuingia, akanyoosha mkono, akaigusisha mashine sakafuni. Ikalia mlio wake mdogo. Walingoja. Mnakumbuka kwamba kikomo cha ardhi ya watoto kuchezea ni mia nne.

"Elfu kumi na moja na mia tatu," alisema Rokhaya.

"Ni nyingi?" aliuliza Bi Mbissine kwa furaha. "Nyingi ni nzuri?"

"Mama," alisema Dibor, "huu ni ule udongo."

"Udongo upi?"

"Wa uani kwangu. Tulioukwangua. Ulikuwa unangoja kuzikwa."

"Acha uongo." Bi Mbissine alicheka, akatazama huku na huku atafute wa kucheka naye. "Ule ni uchafu. Kila mtu anajua ule ni uchafu. Si mlisema mnaleta na mchanga safi wa kufunikia? Mimi na mguu wangu huu nilifika huko nyuma, nikaona magunia yamefuliwa, yameshonwa kwa uzi wa buluu, pembe zimekunjwa. Nikasema, hii ni kazi ya mkwe wangu, huu ndio mchanga safi, umebaki. Nani anaushonea uchafu nguo?"

Rokhaya, Mungu ambariki, hakumtazama Dibor hata kwa jicho la pembeni.

"Na lile shimo, mama?" aliuliza kwa upole.

"Nilidhani la choo."

Hamadi alikuwa amesimama nyuma yao. "Nilikuambia mchanga una weusi, Bi Mbissine."

"Nami nikakwambia ni unyevu." Sauti ya bibi ilipungua. Alitazama mto wenye jina. Alitazama miguu yake, mchanga umeshika vidoleni. Kisha akakaa chini pale kizingitini, polepole, akawa mdogo zaidi ya alivyo. "Nilikuwa nimuue kwa mkono wangu mwenyewe."

Sasa niwaambie jambo. Hawa wawili wamegombana miaka kumi. Wamegombania chumvi, jina la mtoto, upande wa kulaza mtoto. Dibor angeweza kusema neno moja hapo na angeshinda ugomvi wote mpaka kiama.

Alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akachota maji ya mtungi, akaanza kumwosha miguu.

"Mimi ndiye niliyekataa kupaka rangi," alisema. "Kwa ajili ya mshono. Kwa hiyo kama ni kuua, tulikuwa wawili. Lakini mtoto hajaingia humu, Mama. Unanisikia? Hajakanyaga hata mara moja. Ni chumba tu. Tutakikwangua."

"Leo?"

"Leo. Nawaita akina Yandé sasa hivi. Wanawake kumi, saa tatu za kazi. Tumeshajua kazi hii mpaka tunaifanya tunasinzia. Tutafuta kuta, Rokhaya atapima, na kesho mtoto anakuja."

"Alale humu?"

"Hilo tutabishana kesho."

Bi Mbissine akacheka huku machozi yanamshuka, akampiga begani kwa kile kiko. Rokhaya naye akatabasamu. Mimi mwenyewe nilipofika hapa niliweka kalamu chini nikasema, tumepona.

Lakini Rokhaya ni mtu wa hesabu. Kwenye kamba ya nguo, yale magunia matupu yalikuwa yametundikwa, kila moja na uzi wake wa buluu. Alianza kuyahesabu kwa kidole, akafika mwisho, akarudia upya kutoka mwanzo.

"Arobaini," alisema.

Dibor aliendelea kuosha miguu. "Sitini, binti yangu."

"Hapa yako arobaini, mama."

Hamadi Sy alimsogelea Dibor, akainama, akaichukua kofia yake kichwani mwa Dibor bila kuikomboa na bila kutania. Hakuivaa. Aliishika kwa mikono miwili mbele ya kifua chake. Dibor alipoona hivyo maji yakamtoka kiganjani.

"Hamadi. Ishirini yako wapi?"

Bi Mbissine ndiye aliyejibu, na alijibu kwa sauti ya mtu anayejitetea kwa Mungu. "Mtoto wetu amekaa kwa mdogo wako miezi minne. Amekula cha Siga, ameogeshwa na Siga, amelala kwenye mkeka wa Siga. Nimchukue mikono mitupu? Watu wa upande wenu wangenionaje? Kitambaa anacho. Mafuta anayo. Lakini ua wa Siga hujaa maji kabla ya ua mwingine wowote Rufisque, kila mwaka analia, kila mwaka hana wa kumpa kifusi. Nikasema, hii ndiyo zawadi."

"Lini?" aliuliza Rokhaya.

"Jana," alisema Hamadi. "Kabla ya alasiri. Niliyamwaga mwenyewe uani. Kiapo kilinifunga ulimi. Mtoto alinisaidia kusawazisha."

Dibor alikuwa tayari na simu sikioni. Vidole vyake vina maji, alikosea namba, akapiga tena. Iliita mara moja tu.

"Dada!" Sauti ya Siga ilijaa ua mzima. "Nilikuwa naishika simu nikupigie! Mwambie Bi Mbissine Mungu amzidishie. Wakwe wa aina hii mnawaokota wapi? Wenzangu wanapelekewa sabuni, mimi nimepelekewa ardhi!"

"Siga, Selbé yuko wapi?"

"Si humo humo! Hatoki mchangani tangu kumepambazuka, hata mkate wake kauacha. Amejijengea nyumba, amejijengea jiko, amenifukuza nisimkanyagie. Dada, ungemwona, amenenepa moyo. Huyu hapa, amesikia ni wewe, ananinyang'anya simu."

"Mtoe! Siga, usimpe simu, mtoe humo, mnawishe mikono, mnawishe mdomo, Siga..."

Siga alikwishampa. Maneno yote yale yaliingia kwenye sikio la mtoto wa miaka mitatu na nusu, naye akayasikiliza kimya, hakuelewa hata moja ila kwamba ni mama. Kulisikika pumzi zake, na kitu anachotafuna.

Miezi minne iliyopita Selbé alikuwa hawezi kuunganisha maneno matatu. Dibor alikuwa akimwomba Mungu kila siku amsikie akisema sentensi nzima, ndefu, kama watoto wa wenzake.

"Mama," alisema Selbé. "Nimepika. Chako nimekufunikia na jani, kisipoe. Changu nimekula chote."